Muwa Uliokwenda kwa Utani

Shamba la Majaribio ya Miwa,
Mabatani, Msambweni
9 Aprili 1956

Kwa binamu yangu Chirau, mkulima hodari wa miwa ya watu,

Hali yangu si njema, na sababu ni wewe.

Utingo Mwinga, huyu huyu anayekuletea barua na lori lake, ameniambia yote. Jana Jumapili ulipita hapa na baiskeli, ukaketi kibarazani kwangu kama bwana harusi, ukala wali wangu wa nazi niliouacha chini ya kawa. Kisha ukanyanyua gunia lililoegemea ukuta, ukalifunga nyuma ya baiskeli na kupiga kelele, "Utani! Nimechukua kwa utani, mashahidi ni nyinyi nyote!" Mimi nilikuwa mtoni naoga. Ungelikuwa mwanamume ungelingoja nikauke.

Wali nimekusamehe. Ulikuwa umeungua kidogo, natumai uliuona. Lakini gunia! Chirau, mle mlikuwa na mbegu, vipande vya kupanda, vya muwa ambao hakuna mwingine duniani. Mama yake ni ule muwa mwekundu wa kwetu, baba yake ni muwa wa kutoka Bara Hindi, na mwozeshaji ni mimi. Mimi ndiye niliyefunika shada la maua kwa mfuko wa kitambaa, mimi ndiye niliyelipukutisha la kiume juu ya la kike. Ulikuwa hujui kwamba muwa una na mbegu za ua, sivyo? Umefika darasa la sita na hujui. Mimi nilitolewa darasa la nne kwa kuuliza maswali mazuri mno, na najua. Mbegu zake ni kama sufi, ukipiga chafya umezipoteza. Miche ikaota kama nyasi, ikafa mingi, ukabaki huu mmoja, mnene kama mkono wa mpiga ngoma.

Bwana Hollis, mtaalamu wetu, amekwenda Nairobi, anarudi Jumamosi. Alisema muwa huu utajaribiwa kwa fugwe. Fugwe ndiyo maradhi yale yanayoufanya muwa utoe mjeledi mweusi kileleni mahali pa majani, na mjeledi ukipasuka, unga mweusi kama masizi unaruka shamba zima. Muwa wangu ukiishinda fugwe, mimi ndiye mkuu wa kitalu. Ukishindwa au ukipotea, narudi kukata miwa na panga. Na shina lake trekta imekwisha kuling'oa. Umebaki ndani ya gunia tu.

Rudisha. Na usipande hata kipande kimoja. Usiniulize kwa nini.

Ni mimi,
Alfani bin Shutu
Mwozeshaji wa Miwa

*

Kikoneni
13 Aprili 1956

Bwana Alfani,

Wa alaikumu salamu, ingawa hukuitoa.

Utani si wizi, na wewe ndiye uliyenifundisha. Siku ya harusi yangu, mbele ya wakwe zangu, ulinyanyua bakora ya marehemu baba iliyokuwa mkononi mwangu, ukapiga kelele, "Utani!" ukaondoka unachezacheza nayo barabarani. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa ndiyo desturi ya mabinamu: kilichoshikwa mchana kweupe kikatajwa kimekwenda. Lakini bakora ile ndicho kitu pekee cha baba nilichokuwa nacho. Nilikutumia ujumbe, ukacheka. Nilikuja mwenyewe, ukajificha chooni.

Sasa cheka tena.

Vipande vyako vimelala ardhini tangu juzi, mistari miwili, mbele ya nyumba ya mama yangu, ambaye ni shangazi yako, kama unakumbuka kwamba una shangazi. Amefurahi sana kuona mbegu nono. Hakuuliza zimetoka wapi.

Wali ulikuwa mbichi, si wa kuungua.

Chirau bin Kombe

*

Mabatani
16 Aprili 1956

Kwa Chirau mwenye kinyongo cha ngamia,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu kinyongo kama hicho hukaa kwa wazee tu.

Bwana Hollis amerudi. Ameuliza, "Alfani, mbegu ziko wapi?" Ningelisema zimechukuliwa kwa utani, angeliniuliza utani ni nini, na Mzungu ukimweleza utani mpaka jua linakuchwa bado atatafuta polisi. Nikamwambia ameingia nguruwe mwitu usiku akazila. Akaniangalia. Akasema, "Nguruwe amekula na gunia?" Nikasema huyu alikuwa na njaa sana, bwana.

Amenipokonya ufunguo wa kitalu. Kuanzia leo nakata miwa na kundi la watu wa kibarua, jua la saa sita linanichoma kisogo, majani yananichanja mikono, na wenzangu wananiita Mkuu wa Nguruwe. Furahi.

Bakora ya marehemu ilikwisha kuliwa na mchwa, imebaki vumbi. Basi usiitaje tena.

Umepanda? Haya, panda. Palilia vizuri. Nilikwambia usipande, na barua ninayo nakala yake kichwani. Siku ikifika usiseme hukuambiwa.

Alfani
Mkata Miwa kwa Hisani Yako

*

Kikoneni
20 Julai 1956

Alfani,

Nimekaa kimya miezi mitatu ili muwa useme wenyewe. Umenifika kifuani. Majani yake mapana, rangi yake kijani cha kukoza, na shina moja limezaa watoto mpaka nimeacha kuwahesabu. Wapita njia wanasimama. Juzi mzee mmoja wa Lunga Lunga aliniuliza ni muwa gani, nikamwambia unaitwa Chirau.

Na usidhani nimepanda wako tu. Mwezi wa Mei nilikata mbegu za miwa yetu ya zamani, nikazibeba kwa gunia lako mpaka shamba la chini la mama, lile la kando ya kijito, nikalijaza lote. Gunia imara sana. Ahsante.

Mikono yako inaendeleaje?

Chirau bin Kombe

*

Mabatani
22 Julai 1956

Chirau,

Gunia ulilifua kabla ya kulitia mbegu zenu? Jibu hilo tu. Usijibu jingine.

Kama hukulifua, litie moto leo leo. Usilikung'ute. Litie moto.

Alfani

*

Kikoneni
27 Julai 1956

Alfani,

Loo! Sasa roho inakuuma hata kwa gunia! Ninyime muwa, ninyime wali, na gunia pia nilitie moto ili nisifaidi!

Sikulifua. Gunia hufuliwa? Limekuwa tandiko la paka wa mama, na amezaa juu yake. Njoo umwambie yeye alitie moto.

Chirau

*

Kikoneni
14 Septemba 1956

Wewe,

Sikuandikii salamu. Salamu ni za watu.

Shamba la chini la mama yangu limetoa mijeledi. Nilikwenda asubuhi nikaikuta imechomoza vileleni, myeusi, mirefu, imejikunja kama mikia ya nyoka. Kila siku inaongezeka. Nimeshika mmoja, mkono wangu ukawa kama wa mpika makaa. Mama alipoona alikaa chini kwenye tuta. Muwa ule ulipandwa na mama yake, na mama wa mama yake. Ndio aliouza sokoni akanisomesha hilo darasa la sita unalolicheka.

Nilidhani ni mkono wa mtu, nikawa nataka kwenda kwa mganga. Jana Mwinga akanihurumia akanipasulia. Anasema huko kwenu mnaikusanya fugwe kwa makusudi, mnaikoroga majini, na mnalowesha mbegu humo ili muone ipi itaugua na ipi itapona. Anasema mbegu za gunia lile ulikwisha kuzilowesha wewe mwenyewe Jumamosi, na gunia ukaliacha ukutani likauke.

Ulijua! Miezi mitano ulijua ulichokipeleka nyumbani kwa shangazi yako, ukaniandikia nipalilie vizuri!

Ninang'oa kila kitu, nachoma. Nitaanza na mistari yako miwili.

Chirau bin Kombe

*

Mabatani
15 Septemba 1956
(Mwinga amenisubiri na lori linanguruma, mwandiko usiulaumu)

Chirau, ngoja!

Tukana upendavyo, lakini weka kiberiti chini kwanza usome.

Kweli nililowesha. Ndiyo kazi yangu, unadhani nalipwa kwa kuimba? Na wewe uliiba. Usijifanye maiti aliyeoshwa. Nilikuandikia usipande, nikakuandikia uchome gunia. Sikukwambia kwa nini kwa sababu nilitaka uaibike wewe. Wewe, Chirau, na mistari yako miwili, basi. Sikujua kwamba mtu mwenye darasa la sita atabebea mbegu za mama yake ndani ya gunia la watu bila hata kulifua. Shangazi sikumkusudia. Hilo naliapia kwa Mwenyezi Mungu, na mwambie hivyo hivyo nilivyoandika.

Sasa sikiliza, mambo ni mawili. Ule mjeledi usiung'oe hivi hivi. Uvishe kwanza mfuko taratibu, ufunge, ndipo ukate, ndipo uchome mfuko na vyote, na shina ling'oe na mizizi. Usingoje upasuke. Panga lako lipitishe motoni kabla ya kugusa muwa mzima. Asubuhi mapema kazi hiyo, kabla upepo haujaanza.

La pili. Mistari yangu imetoa mijeledi au haikutoa? Niandikie hilo neno moja. Hujaniambia, na wewe huwezi kuacha kuniambia baya langu hata ukiwa usingizini. Yale maji meusi yaliingia kwenye muwa wangu kuliko mwingine wowote. Kama umesimama safi, Chirau, basi fugwe imepigwa, na imepigwa shambani kwako. Ukiuchoma, umechoma muwa pekee unaoweza kupandwa katika shamba la shangazi bila kuogopa. Na mimi nitakata miwa ya watu mpaka meno yaniishe.

Imetoa au haikutoa?

Alfani

*

Kikoneni
18 Septemba 1956

Alfani,

Nimekwisha kuchoma yote. Yako ilikuwa na mijeledi kupita ya mama. Majivuno yako yamekuwa majivu, nimeyamwaga kijitoni.

Usiniandikie tena.

Chirau bin Kombe

*

Kikoneni
21 Septemba 1956

Kwa Alfani wa kaka yangu Shutu,

Hii ni barua ya shangazi yako Mwanasha. Anayeshika kalamu ni Chirau, kwa kuwa mimi sikufundishwa. Nimemwambia kwamba ikiisha, Mwinga ataisoma kwa sauti mbele yangu kabla ya kufungwa. Basi anaandika kila neno, na jasho linamtoka.

(Ni joto tu. Chirau.)

Mwanangu, usalama upo. Shamba la chini limekwisha. Tumefanya kama ulivyoelekeza, kwa mifuko, alfajiri, na majirani wamesaidia. Nimelia, nimenyamaza. Siku ile Mwinga alipomsomea Chirau barua yako ya mijeledi kwa kejeli, nami nilikuwa ndani napepeta mchele, nikasikia mnaulizana juu ya mistari miwili. Nikasikia na alivyokujibu.

Alikudanganya. Muwa wako hakuuchoma. Umesimama mbele ya mlango wangu, naufungulia macho kila asubuhi. Hauna mjeledi hata mmoja. Nimeupita mstari kwa mstari, nimeshika kilele kwa kilele. Wa shamba la chini uliugua kwa kuguswa na gunia tu, huu wako uliokunywa maji yenyewe unatucheka.

(Nimelazimishwa kuandika hivyo. Ila ni kweli. Chirau.)

Nilimuuliza, mbona hukuuchoma kama ulivyosema? Akasema alikwenda na kiberiti, akauangalia, akashindwa. Akasema ni mzuri.

(Sikusema mzuri. Nilisema si mbaya.)

Alisema mzuri. Sasa nyinyi wawili mnisikilize. Wewe Alfani ulijua ukanyamaza, na ukimya wako ndio ulionitia hasara. Usiniletee viapo, niletee mbegu. Na wewe Chirau ulitia mkono katika kazi ya mtu usiyoijua. Mmefanya utani kuwa visu. Utani wa baba zenu ulikuwa wa kuchukuliana kuku, wakala pamoja.

Alfani, muwa ukiutaka njoo uuchukue kwa njia ile ile uliyokwendea. Mchana kweupe, mbele ya watu, ukiutaja kwa sauti. Kesho kutwa Jumapili. Na mkononi uje na bakora ya mume wangu. Usiniambie habari za mchwa. Mti ule ni mpingo. Mimi ndiye niliyemchagulia, na mchwa hali mpingo.

Shangazi yako,
Mwanasha
(kwa mkono wa Chirau, asiyekubaliana na mengi)

*

Kikoneni
24 Septemba 1956

Alfani,

Umekuja, umepiga kelele mpaka watoto wa chuoni wametoka, umechukua nusu ya muwa kwa utani. Sawa. Nusu imebaki, ndiyo mbegu ya mama. Bakora nimeipokea. Umeipaka mafuta, nimeona. Usidhani mafuta yanafuta kitu.

Mambo mawili sikuyapenda. La kwanza, ulikula sahani mbili za wali wa mama, kisha ukasema, "Huu ndio wali, si ule wangu." Ungelisema hivyo Aprili tungelijua mapema kwamba una akili.

La pili ni zito. Mwinga amenipa habari ya uliyomweleza Bwana Hollis. Yaani ulikwenda ukamwambia, "Yule nguruwe nimempata, ni binamu yangu." Mimi, Mwislamu, mwana wa Kombe, umenitaja nguruwe mbele ya Mzungu na makarani wake! Na wakacheka!

Sitaki uje kwetu Idi. Na neno la mwisho: muwa ule usithubutu kuuita Alfani. Sitapanda jina lako mbele ya mlango wa mama yangu nikalipalilia.

Chirau bin Kombe

*

Mabatani
11 Agosti 1957

Kwa Chirau, nguruwe wa heshima,

Idi nilikuja, na ulinipa mgongo mpaka pilau ikaisha. Mgongo wako umenenepa.

Nakuandikia kwa sababu shangazi ameagiza ajulishwe. Bwana Hollis hakuniamini. Aliponipokea na ule mzigo alinirudisha kwenye panga, akasema nitakata miwa mpaka yeye mwenyewe aone. Akaulowesha muwa kwa mkono wake, maji meusi mazito kuliko yangu, akaupanda katikati ya miwa dhaifu. Miwa dhaifu imetoa mijeledi kama shamba la mikia ya punda. Wangu umesimama. Juzi tukaukata, tukaupima, tukaukamua. Uzito umeishinda miwa yote ya shamba hili, na maji yake yamejaza ndoo mpaka karani akaita wenzake. Ufunguo wa kitalu uko shingoni mwangu wakati naandika. Nimeufunga kwa kamba nyekundu ili uonekane kutoka barabarani.

Bwana Hollis ameupa namba, lakini wakata miwa hawaiti namba. Waliniuliza unaitwaje. Nilikumbuka masharti yako. Mimi ni mtu wa kutii, nikasema hauitwi Alfani, hasha.

Unaitwa Chirau.

Nimewaeleza na sababu. Ganda lake gumu, linatia panga butu. Ukiutafuna unakuchoma ufizi kabla hujauonja utamu. Umesimama wima kama una jambo unaloshindana nalo. Hata maradhi yameujaribu yakaona bora yaende zake. Wote wakasema basi jina limefika kwake.

Lori la Mwinga limekuletea mafungu sita ya muwa huo, ya kupanda shamba la chini. Mbegu ni safi, na gunia ni jipya, limefuliwa, ingawa gunia halifuliwi. Mwambie shangazi ni zake, si utani.

Na kila alfajiri, binamu, watu wa kibarua wakiingia kwenye mistari nawasikia wanavyoguna: "Chirau huyu mgumu! Chirau huyu ananivunja mkono! Loo, Chirau, mlaanifu mkubwa!" Mimi nimesimama mlangoni mwa kitalu na chai yangu. Siwakatazi.

Alfani bin Shutu
Mkuu wa Kitalu